Wa Mwisho Asiogelee Peke Yake

MASWALI YA WASOMAJI: KUOGELEA

Barua za mwezi huu karibu zote zimezunguka jambo moja: mashindano yaandaliwe vipi ili anayeogelea Jumamosi kujifurahisha naye ajitokeze, na akishajitokeza arudi tena.

Klabu yetu ina bwawa la mita 25, leni sita. Mashindano ya mwisho ya wanachama yalianza saa tatu asubuhi yakaisha saa kumi alasiri. Mtu aliogelea mara mbili, jumla dakika mbili hivi, saa zilizobaki akawa anaota jua. Safari hii waliojiandikisha ni kumi na tisa tu. Ratiba ya siku ile nimeiambatisha. Tulikosea wapi?
*Katibu wa klabu, Lang'ata*

Mlikosea kwenye karatasi, kabla hata mtu hajalowa. Katika ratiba yenu kila shindano limegawanywa kwa jinsia, kisha kwa umri, ndipo mkapata kundi la wanaume wa miaka 40 hadi 44, mtindo wa chura, watu wawili. Leni nne tupu. Filimbi ni ileile, kujipanga ni kulekule, na dakika zilizotumika zingetosha watu sita.

Changanyeni watu kwa muda wao. Mama wa miaka 52 anayemaliza mita 50 kwa sekunde 58 mpeni leni ya jirani na kijana wa miaka 17 wa sekunde 57, muone watakavyokimbizana hadi ukutani. Mgawanyo wa umri na jinsia ufanyike baadaye, kwenye karatasi ya matokeo. Marika ya miaka mitano mitano yanatosha, kama wanavyofanya kwenye mashindano ya masters, ya watu wa miaka 25 na kuendelea.

Hesabu yenyewe ni hii. Watu 60, kila mmoja akiogelea mara tatu, ni 180. Gawanya kwa leni sita upate makundi 30, kisha ongeza manne kwa kuwa hayatajaa yote. Kundi la mita 50 la watu wa kawaida linakula dakika moja na nusu majini na dakika moja ya kujipanga. Makundi 34 kwa dakika mbili na nusu ni dakika 85. Tieni mapumziko ya robo saa na shindano la timu la kupokezana kwa dakika 20, na kwa saa mbili kamili mmemaliza, watu wanakula nyama choma.

Dakika ya kujipanga mnaweza kuikata nusu: waliomaliza wasitoke. Wabaki majini wakishika kamba ya leni, mwili ukiwa karibu kabisa na ukuta, kundi linalofuata liruke juu yao, kisha ndio watoke kwa pembeni. Hili lifanyeni kwa makundi ya wanaoruka vizuri peke yake. Wanaoanzia ndani ya maji wanahitaji ukuta, na ukuta wenye watu hauanziki.

Na wale wasiojua muda wao? Hao ndio wengi. Msiwaulize sekunde. Kwenye fomu wekeni visanduku vitatu vya mita 50: chini ya sekunde 40, kati ya 40 na 60, zaidi ya dakika moja. Atakayejikweza atajua mwenyewe akifika katikati ya bwawa.

Mita 400 iwekeni asubuhi kabisa, kabla ya ufunguzi. Muogeleaji wa kawaida anaweza kuimaliza kwa zaidi ya dakika kumi, na hakuna kinachopooza uwanja kama watu hamsini wakisubiri wawili.

Mimi huwa wa mwisho. Mtangazaji akaniona nimebaki peke yangu, akaomba watu wote wanipigie makofi. Walipiga kweli. Sitaki kurudi. Je, nina kiburi?
*Msomaji wa kike, Umoja*

Huna kiburi, dada. Makofi ya huruma yanamwambia mtu kwamba ameonekana na kila mtu akichelewa. Dawa yake iko kwenye jibu lililotangulia: ukipangwa na watu wa kasi yako, tofauti kati ya wa kwanza na wa sita ni sekunde nne au tano, na hakuna wa kubaki peke yake. Mtangazaji naye atafute kazi nyingine: ataje majina ya kundi linalofuata.

Kuna shindano moja linalokufaa, na tunalipendekeza kwa kila klabu. Kabla ya kuingia majini kila mtu anaandika muda anaodhani atatumia, kwa mfano 1:12. Aliyekaribia zaidi muda aliouandika ndiye mshindi. Wa dakika mbili anaweza kumshinda wa sekunde 30. Saa za mkononi zivuliwe, na saa ya ukutani ifunikwe kwa leso. Linaharibika watu wanaposimama mita moja kutoka ukutani wakihesabu kimoyomoyo, kwa hiyo tangazeni mapema: ukisimama baada ya kupita bendera zinazotundikwa juu ya maji mita tano kutoka ukutani, umejitoa.

Watu wetu wanataka kuruka kama wanaowaona kwenye Olimpiki. Bwawa ni la mtaa, lina majukwaa mawili ya kurukia yaliyochakaa. Turuhusu?
*Msimamizi wa bwawa, Kasarani*

Pima kwanza. Chukua fimbo ndefu, izungushie utepe kwenye alama ya mita 1.35, uisimamishe majini kuanzia mita moja hadi mita sita kutoka ukutani, kila baada ya mita moja, kwenye kila leni. Hicho ndicho kina cha chini kabisa ambacho kanuni za World Aquatics, shirikisho la kimataifa la michezo ya majini, zinakubali penye majukwaa. Utepe ukibaki nje ya maji hata mahali pamoja, hakuna kuruka kichwa mbele, wala usikubali kubembelezwa. Mabwawa mengi ya mitaa na ya hoteli yana mita 1.2 au pungufu upande wa kina kifupi, na anayegonga sakafu kwa kichwa anaweza kuvunjika shingo.

Kuanzia majini si aibu. Kanuni za masters zinamruhusu muogeleaji kuanzia jukwaani, ukingoni au majini, mkono mmoja ukishika ukuta. Lisemeni hili kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa sababu wapo wasiojaza fomu kwa ajili ya kuogopa kuruka tu.

Kwa wanaoruka penye kina cha kutosha, lalamiko kubwa ni miwani kujaa maji. Chanzo ni uso kuangalia mbele wakati wa kuingia. Kidevu kishikane na kifua, masikio yabanwe katikati ya mikono, na mkanda wa miwani uvaliwe kwanza, kofia juu yake.

Wazazi wamejitolea kupima muda kwa simu zao. Matokeo yakawa vurugu. Tununue mashine?
*Mwalimu wa michezo, South B*

Mashine ya nini? Nunua stopwochi za vitufe, mbili kwa kila leni na mbili za akiba. Simu ina kioo, na kioo hakisikii kidole kilicholowa. Mzazi anabonyeza mara tatu, mtoto keshatoka majini.

Wafundisheni kwa dakika kumi kabla ya kuanza. Kubonyeza ni kwa kidole cha shahada kilichokwisha kugusa kitufe. Kidole gumba ni kizito. Muogeleaji akibakiza mita tano, mpimaji asimame ukingoni kabisa, ainame atazame ukuta, kwani mkono mara nyingi hugusa chini ya maji na anayekaa kitini hauoni. Saa mbili zikitofautiana, chukueni wastani: 48.20 na 48.40 ni 48.30. Zikitofautiana kwa sekunde nzima, mmoja alikuwa akishangilia.

Zile za akiba anazo msimamizi wa wapimaji, na anazianzisha kila kundi bila kukosa. Mzazi ambaye saa yake haikuanza anainua mkono, anapewa inayokimbia tayari. Bila hivyo, mtoto ataambiwa muda wake umepotea, na huyo hamtamwona tena.

Jambo dogo: kama mnawaandika watoto namba ya shindano, kundi na leni kwenye mkono, andikeni kabla hawajapakwa Vaseline. Kalamu haishiki kwenye mafuta.

Mume wangu aliogelea mtindo wa chura akaondolewa kwa kugusa ukuta kwa mkono mmoja. Hayo ni mashindano ya kujifurahisha! Kanuni zinahitajika kweli?
*Msomaji, Kileleshwa*

Zinahitajika, mama, ila zisomwe asubuhi. Kwenye chura na kipepeo mikono miwili iguse pamoja, wakati wa kugeuka na wa kumaliza. Kwenye mtindo wa chali umalize ukiwa bado chali. Ukipinduka kutafuta ukuta umekosea. Bendera za mita tano zipo kwa ajili hiyo: hesabu mipigo ya mikono kutoka bendera hadi ukutani wakati wa kupasha mwili, halafu iamini hesabu yako.

Mtindo huru una upole ambao wengi hawaujui. Unaweza kuogelea vyovyote, na ukichoka unaweza kusimama sakafuni uvute pumzi. Usitembee tu, wala usijivute kwa kamba.

Kwa anayeshiriki mara ya kwanza akakosea, sisi tungefanya hivi: muda wake uandikwe, pembeni iwekwe nyota, na refa amfuate mwenyewe amweleze kosa kwa sauti ya chini. Medali hapati. Lakini anaondoka na muda wake na somo.

Tumepewa bwawa Julai. Halina joto. Tuahirishe?
*Mwenyekiti wa kamati, Karen*

Mkiweza, ndiyo, Januari hadi mapema Machi ndiyo miezi mizuri Nairobi. Kanuni za mashindano zinataka maji ya nyuzi 25 hadi 28, na bwawa la wazi lisilopashwa joto halifiki hapo Julai. Mkilazimika, anzeni saa tano jua likishachomoza mawinguni, wekeni mita 25 na 50 tu, na mtu asiitwe ukingoni mpaka kundi moja kabla yake liwe majini. Anayesubiri akiwa na taulo lililolowa ndiye anayetetemeka. Chai ya tangawizi iwe tayari, na mtoto ambaye midomo imebadilika rangi amemaliza siku yake, hata kama anadai anaweza.

Msimu wa mvua mwogope radi. Ukisikia ngurumo, wote watoke, na msirudi mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Sisi ni kina mama wa Kiislamu kutoka South C, tunajua kuogelea, lakini mavazi yanatuzuia kujiandikisha. Binti zetu nao wana rasta na kofia haziwatoshi.
*Kikundi cha kina mama*

Kanuni za mavazi mnazoziona kwenye televisheni, yaani vazi la mwanamke lisipite magoti wala kufunika mikono, ni za mashindano ya kimataifa. Klabu haina sababu ya kuzileta kwenye siku ya kujifurahisha. Iandike wazi kwenye tangazo: vazi la kufunika mwili linakubaliwa, mradi limeshonwa kwa kitambaa cha kuogelea. Hapo klabu isilegeze, maana pamba ikilowa inakuwa mzigo na kumvuta mtu chini.

Lililo bora zaidi ni kuomba saa moja ya wanawake peke yao, wapimaji na waokoaji wakiwa wanawake, simu za kamera zikibaki mlangoni. Muda wao uingizwe kwenye matokeo ya siku kama wa mtu mwingine yeyote.

Kofia kubwa za nywele nyingi zipo. Soul Cap, aina mojawapo, zilikataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, zikaidhinishwa mwaka uliofuata, kwa hiyo refa wa klabu hana hoja ya kuzikataa. Rasta zifungwe chini, kisogoni. Zikifungwa juu ya utosi kofia inachomoka kwenye ruko la kwanza.

Kupokezana kwetu hushindwa na familia ileile kila mara. Na je, ile ya kubadilishana fulana majini ni salama?
*Mratibu wa vijana, Ongata Rongai*

Fulana acheni. Fulana iliyolowa ikimnasa usoni mtu asiyejiamini, mwokoaji ana sekunde chache tu. Tumieni kijiko na limau: kijiko mdomoni, limau juu yake, mita 25. Limau likianguka linaelea, unalirudisha unaendelea.

Familia ile mtaivunja kwa karatasi. Panga watu 24 kwa muda wao, wa kasi zaidi awe 1. Timu ya kwanza ichukue namba 1, 12, 13 na 24. Ya pili 2, 11, 14 na 23. Endelea hivyo mpaka ya sita yenye 6, 7, 18 na 19. Jumla ya namba za kila timu ni 50. Mwenye kasi ndogo aanze, mwenye kasi kubwa amalizie, na majina ya timu wachague wenyewe, wala msishangae mkipata Matatu, Mandazi na Mvua ya Aprili kwenye leni tatu za jirani.