Fukwe za kaskazini mwa England bila gari: angalia maji kwanza

Mkuu, umeuliza kama kuna ufukwe wa maana wa kupeleka watoto ukitokea Leeds bila gari, na wengi wamekujibu uteremke kusini, Brighton au Bournemouth. Mimi nimeishi Liverpool, sasa niko Newcastle, na nakushauri ubaki huku huku. Ila ujue mapema kwamba pwani hii si ya kushinda majini. Bahari ya Kaskazini hata Agosti ni ya baridi, nyuzi 14 au 15 hivi, na mtoto anaanza kutetemeka baada ya dakika chache. Huku watu huja kutembea, kutazama ndege na kula samaki na chipsi. Njoo kwa nia hiyo utafurahi sana.

Kwa kuanzia, panda treni hadi Scarborough, haina kubadilisha. Saltburn nayo ni nzuri: mchanga mpana, gati la miguu ya chuma, na lifti ya mlimani ya mwaka 1884 ambayo bado inaendeshwa kwa uzito wa maji. Watoto wangu waliipenda hiyo lifti kuliko bahari yenyewe.

Lakini kama unaweza kwenda mahali pamoja tu, nenda Visiwa vya Farne, huko Northumberland. Basi la kutoka Newcastle linafika Seahouses, safari ni ndefu, kisha unapanda boti. Kuanzia Mei hadi katikati ya Julai visiwa vimejaa pafini, wale ndege wadogo wenye midomo ya rangi. Hesabu ya 2024 ilipata takriban jozi 50,000. Wanataga ndani ya mashimo ardhini, kwa hiyo usitoke nje ya njia ya mbao hata hatua moja. Mwezi Juni vaeni kofia, kwa sababu buabua wa Aktiki, ndege weupe wenye mkia uliogawanyika mara mbili, hulinda vifaranga vyao kwa kukudonoa kichwani, na wanakutoa damu kweli. Usiwachukie. Mmoja wao alifungwa kifaa visiwani hapo akafuatiliwa: alishuka pwani ya magharibi ya Afrika, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Bahari ya Hindi, akafika Antaktika na kurudi Mei 2016, jumla kilomita 96,000. Ndege mwenyewe hafiki hata gramu 150! Homa ya ndege iliwaua wengi mwaka 2022 na watu wakazuiwa kushuka kisiwani, kwa hiyo kabla ya kulipa nauli uliza kama boti yako inateremsha watu au inazunguka tu. Hata ikizunguka, sili, wale mamalia wa baharini, utawaona wamelala juu ya miamba.

Jirani hapo kuna Lindisfarne, kisiwa kinachounganishwa na bara kwa barabara ambayo maji huifunika mara mbili kila siku. Hapa ndipo ninapoomba unisikilize. Saa salama za kuvuka hutangazwa na halmashauri, na ratiba ya basi hubadilika kufuata maji. Kila mwaka kuna magari yanayonaswa katikati, watu wakasubiri kuokolewa ndani ya kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo. Usivuke dakika za mwisho hata ukiona barabara bado kavu.

Kama umekulia Pwani unajua bamvua (maji yanapopanda na kushuka sana) na maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo). Ujuzi huo uje nao, kisha uuongeze. Upande wa magharibi, Morecambe Bay, maji ya bamvua hupanda na kushuka hadi mita 10 hivi, zaidi ya maradufu ya Unguja. Yakipwa yanaacha mchanga wazi kilomita nyingi, na yakijaa yanapita kwenye mikondo nyuma yako kabla hujayaona mbele. Februari 2004 waokota kombe (wale wa magamba wa mchangani) kutoka China wasiopungua 21 walikufa humo usiku mmoja. Pana kiongozi rasmi wa kuvusha watu, cheo cha tangu karne ya 16. Bila yeye, itazame ghuba ukiwa nchi kavu.

Upande huo mimi ningewapeleka watoto Formby. Treni ya kutoka Liverpool inasimama hapo, halafu mnatembea kwenye msitu wa misonobari wenye kindi wekundu, ambao sehemu kubwa ya England wametoweka. Nendeni asubuhi, msipige kelele. Mkivuka vilima vya mchanga mnatokea ufukweni. Crosby iko njiani, na sanamu 100 za chuma za mchongaji Antony Gormley zinazozamishwa na maji yakijaa. Zitazameni kwa mbali kidogo, kule chini kuna tope linalonasa miguu.

Vaeni koti la upepo hata Julai. Mkitaka kuoga, ogeeni kati ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano, hapo ndipo waokoaji wanapoangalia. Hatari ikitokea, piga 999 uombe walinzi wa pwani.

Taja mwezi mnaotaka kwenda na umri wa watoto, nikuangalizie saa za maji na za basi.