Kabla shamba la Soni halijauzwa

Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mjomba, aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimepata chuo Berlin, shahada ya uzamili, hakuna ada. Ila kwa ajili ya viza wanataka niweke euro 11,904 benki. Baba anasema atauza shamba la Soni. Wewe uko huko mwaka wa nne sasa. Niambie ukweli, hiyo hela inatosha? Na nikishafika itanichukua muda gani kuirudisha?"

Marahaba, mdogo wangu. Najibu mbele ya wote kwa sababu wewe ni wa tano kuniuliza tangu mwaka huu uanze. Na kwa sababu nina deni kwenu. Miaka yote hii nikiulizwa nilikuwa najibu "huku salama tu, Mungu anasaidia," halafu natuma picha. Zile picha nazo zimemshawishi mjomba auze shamba letu la kijijini Soni, kule Lushoto, nalijua hilo na linaniuma.

Tuanze na hesabu. Hiyo 11,904 ni euro 992 mara miezi 12. Kwa shilingi yetu ya Tanzania ni zaidi ya milioni 30. Haiendi kwa ubalozi wala haipotei. Inakaa Ujerumani kwenye akaunti ya kuzuiwa yenye jina lako, wenyewe wanaiita Sperrkonto, na ukishafika unapewa 992 kila mwezi. Haizidi hapo, hata ukipata dharura. Mimi nilipokuja Oktoba 2022 ilikuwa 861 kwa mwezi. Tangu Septemba 2024 ndiyo hii 992.

Sasa tuitumie. Bima ya afya ni lazima, kama 140 na ushee kwa mwezi kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30. Wewe una 28. Ukifikisha 30 kabla hujamaliza, ile bei ya wanafunzi inakoma na bima inapanda. Mchango wa muhula unazidi 300 kila miezi sita, na ndani yake kuna tiketi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima, kwa hiyo usiulalamikie. Ni kama 55 kwa mwezi. Simu, weka 25. Kuna na tozo ya redio na televisheni, 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, iwe ina televisheni au haina. Mnaoishi pamoja mnachangiana. Hapo umebakiwa na 750 hivi, hujala na hujapata pa kulala.

Chakula kisikutishe. Kantini ya chuo, Mensa, inawauzia wanafunzi kwa bei nafuu. Maduka ya Waturuki yana unga wa mahindi, bamia na maharage, na majira ya baridi kuna mboga inaitwa Grünkohl, ukiikatakata na kuikaanga na kitunguu huwezi kuitofautisha na sukuma wiki. Ukijipikia, 200 kwa mwezi unashiba. Zimebaki 550.

Na kwa 550 chumba Berlin ni cha kubahatisha. Chumba cha kawaida kwenye nyumba ya watu watatu, jiko moja, bafu moja, utaambiwa 600 au 650. Ukiona tangazo la 400, ama ni tapeli ama limeshaombwa na umati.

Ndiyo maana nasema ada ya Berlin ni chumba. Kwamba vyuo vya umma havitozi ada ni kweli kwa vingi. Si vyote: jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha München nacho kimeanza kutoza tangu 2024. Chuo chako hakitozi, sawa. Lakini ile hela ambayo mwenzako wa Uingereza anaipeleka chuoni, wewe utampelekea mwenye nyumba, na hutaipata stakabadhi ya kuonyesha nyumbani kwamba umesoma.

Nikueleze ilivyokuwa. Novemba 2022 niliitwa kuangalia chumba mtaa wa Wedding, hapa Berlin. Nimeshuka stesheni ya Afrikanische Straße, nimetembea kidogo, nainua macho naona kibao: Usambarastraße. Mtoto wa Lushoto nimesimama kwenye baridi ya digrii mbili, nasoma jina la milima yetu kwa maandishi ya Kijerumani. Eneo lile lote limejaa majina ya Afrika ya enzi za ukoloni wao: kuna Sansibarstraße, kuna Togostraße. Kulikuwa na Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, mwaka 1939. Mwaka 2024 waliliondoa jina hilo, kipande kimoja cha barabara sasa ni Maji-Maji-Allee. Siku ile nilipiga picha kile kibao nikawatumia. Mlifurahi sana, mama alimwonyesha kila mtu kanisani.

Kilichofuata sikuwaambia. Foleni ilianzia mlango wa chini ikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mbele yangu niliwahesabu watu 26, kila mmoja na faili lake: karatasi za mshahara, ripoti ya madeni, barua ya mzazi anayeahidi kulipa mtoto akishindwa. Mimi nilikuwa na nakala ya pasipoti na barua ya chuo. Tulipewa dakika tano tano. Waliokuwa wakiishi mle waliniuliza wikiendi huwa napenda kufanya nini. Nikajibu kwa Kijerumani changu cha miezi mitano, wakatabasamu, wakasema watanipigia. Nilikwenda kuangalia vyumba 31 kabla ya kupata chumba cha bweni la wanafunzi. Bweni lina bei nzuri, lakini mimi orodha yake ilinichukua miezi 14.

Katikati ya miezi hiyo nilikaa Neukölln, mtaa mwingine wa Berlin, kwa mtu aliyenikodishia chumba kwa 520. Alitaka dhamana ya 1,040 taslimu, nikampa, sikudai risiti kwa sababu nilikuwa nimelala kwa watu wiki tano na nilishaona haya. Halafu akakataa kuniandikia barua ya kuthibitisha kwamba naishi pale. Hapa ukihamia nyumba unatakiwa ujiandikishe ndani ya wiki mbili, wanaita Anmeldung, na bila barua ya mwenye nyumba huandikishwi. Usipoandikishwa, namba ya mlipakodi haiji, na karibu kila ofisi utakayoingia itakuuliza ile karatasi. Nilihama baada ya miezi minne. Dhamana yangu sijaiona mpaka leo, na sina cha kumwonyesha hakimu.

Kwa hiyo shika haya. Usilipe chumba ambacho hujakiona. Usilipe taslimu. Asiyetaka kukupa barua ya makazi, mkimbie hata chumba kiwe cha dhahabu. Sheria inasema dhamana isizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto na maji, na unaruhusiwa kuilipa kwa mafungu matatu. Mimi hilo la mafungu nililijua nimeshaumia.

Desemba ile nilifika mahali nina euro 11 na zimebaki siku tisa kabla hela ya mwezi haijaingia. Hapa chupa ya maji ya plastiki na kopo la soda vina dhamana ya senti 25 ndani ya bei; ukirudisha chupa tupu dukani unapewa chako. Watu wengi hawahangaiki nazo, wanaziacha chini pembeni ya pipa la taka ili mwenye shida azichukue. Jioni moja, kabla ya saa kumi, maana jua la Desemba huku linazama mapema hivyo, nilikuwa natoka maktaba nikaziona nne pembeni ya pipa. Nikapita. Nikarudi. Nikaziweka kwenye begi la kompyuta. Kesho yake nikatoka na mfuko. Ile mashine ya dukani inameza chupa moja moja, inaziponda kwa kelele, watu wako nyuma yako wanasubiri, halafu inakutolea kikaratasi. Changu cha kwanza kilisoma 3.25. Nilinunua mchele, mayai na kitunguu. Ile picha yangu ya Alexanderplatz yenye taa za Krismasi, ambayo shangazi aliiweka kwenye simu yake, niliipiga wiki hiyohiyo. Natamani ningewaambia wakati ule. Nilidhani nawalinda, kumbe nilikuwa najifungia peke yangu.

Kazi ipo. Mwanafunzi kama wewe anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Ukisikia hivyo ukaizidisha kwa shilingi unaona utajiri, na kila mtu nyumbani anaizidisha hivyo. Lakini utaitumia kwa bei za huku. Na kazi utakayopata bila Kijerumani ni ya mwili. Mimi nilikuwa ghala la vifurushi, naanza saa kumi alfajiri, saa nne niko darasani na mikono bado inatetemeka. Mtihani wa takwimu niliuanguka mara mbili. Chuo chetu kinatoa nafasi tatu, ya tatu ukianguka umeondolewa kwenye kozi. Usiku wa kuamkia ule wa tatu sikulala. Nilifaulu, nashukuru, lakini kozi ya miaka miwili imenichukua mitatu na nusu, na kila muhula uliozidi una kodi yake ya chumba, bima yake, na viza ya kuongeza.

Uliuliza utairudisha lini. Kwanza, hiyo 11,904 utaila yote mwaka wa kwanza, ndiyo kazi yake. Mwaka wa pili utahitaji nyingine. Tuseme umepata kazi nzuri ya saa 20 kwa wiki, unajitegemea, na kila mwezi unatuma 150 kwa mjomba bila kukosa hata mwezi mmoja. Ni kama miezi 80. Zaidi ya miaka sita na nusu kurudisha bei ya shamba, na wakati huo shamba lenyewe limeshapanda bei na lina nyumba ya mtu mwingine juu yake. Na hapo sijahesabu msiba, harusi, na ada ya mdogo wako wa mwisho, ambavyo vyote vitakujia kwenye simu kwa sababu uko Ulaya.

Sikukatazi kuja. Ningesema huku hakuna kitu ningekuwa nakudanganya tena. Nimefundishwa na watu wanaokubali mwanafunzi awapinge, wakakaa wakajibu. Mwaka jana nililazwa siku sita, nikafanyiwa upasuaji, na nililodaiwa mfukoni ni euro 10 kwa kila siku ya kulala hospitali. Ukihitimu unaweza kupewa kibali cha mpaka miezi 18 kutafuta kazi ya fani yako. Hayo ni makubwa, nayaheshimu.

Na lile uliloligusia mwishoni mwa ujumbe wako, kama naweza kusimama mdhamini wako badala ya hiyo hela ya benki. Siwezi, mdogo wangu. Utaratibu upo, lakini anayesaini anaonyesha kipato na anabeba gharama zako kisheria kwa miaka mitano. Mimi nakabidhi tasnifu mwezi ujao na kazi ya kudumu sina. Nakuambia waziwazi ili usikae ukisubiri nibadilishe mawazo.

Ninachokuomba ni mwaka mmoja. Uliza chuo kama kinaahirisha nafasi. Kikikataa, utaomba upya, karatasi zako ni nzuri. Nenda Goethe-Institut, kituo cha lugha ya Kijerumani pale Dar, usome mpaka B1, yaani kiwango cha kati. Hicho ndicho kitakachokutoa ghalani kikuingize ofisini, na kwenye ile foleni ya ngazi utajibu kama mtu. Omba ufadhili wa DAAD, shirika la Kijerumani la kubadilishana wanafunzi, hata kama mtaani wanasema hupati. Na kwa nini Berlin tu? Angalia miji midogo ya mashariki, angalia Chemnitz, angalia Cottbus. Vyumba vya 250 hadi 350 bado vinapatikana kule, hesabu ya 992 inakaa sawa, na tiketi ya muhula inakuleta Berlin kunisalimia.

Kama lazima shamba litoe hela, mjomba alikodishe kwa watu wa viazi misimu miwili mitatu, hati ibaki kabatini. Mpe shikamoo yangu, na mwambie asisaini chochote kwa yule mnunuzi mpaka tuongee. Nitapiga Jumapili, saa tisa za kwenu. Maduka huku Jumapili yanafungwa na mimi sina zamu, tutaongea mpaka amalize maswali yake yote.