Watoto waanze na ufito mfupi na ndoano ndogo

Ndugu, umeuliza watoto wa miaka 8 hadi 12 kwenye programu yenu ya uvuvi waanzie wapi. Fimbo ndefu zenye gurudumu zisubiri. Wape ufito mfupi, mshipi, boya dogo na ndoano ndogo, maana samaki wadogo ndio wanaokula chambo haraka, na mtoto akikaa saa nzima chambo hakijaguswa, harudi tena. Mimi hubana jino la ndoano, yaani kile kijimwiba kilicho nyuma ya ncha, kwa koleo mpaka lilale. Hapo hata ikimchoma mtu kidole, inatoka bila kuchana nyama, na samaki mnayemrudisha majini haumii sana.

Somo la kumshika samaki nalipenda kuliko yote. Mtoto alowanishe viganja kwanza, kwa sababu mikono mikavu huondoa ute unaomkinga samaki na maradhi. Kisha amshike chini ya tumbo ndani ya maji, amwachie atakapoanza kupiga mkia mwenyewe. Nimewaona watoto watukutu wakinyamaza kabisa hapo.

Majaketi ya kuokolea wavae hata mkiwa ukingoni, na kabla ya kurusha mshipi kila mtoto atazame nyuma yake. Vibali na ukubwa wa samaki unaoruhusiwa, ulizieni mapema.