Maswali ya Wasomaji: Pinot Noir ya Mkulima Mmoja

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu pinot noir, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo, ya Bourgogne, Ufaransa, hasa ile ya mashamba madogo ambako mtu mmoja ndiye anayepogoa, anayevuna, anayechachusha na anayejaza chupa. Tumechagua zinazogusa kukomaa: nini kinaufanya mvinyo huo uishi miaka mingi, unatunzwaje na unafunguliwaje.

Nilipewa chupa mbili za Volnay (kijiji cha Bourgogne) premier cru ya 2019, nikafungua moja. Rangi yake ni nyepesi, vidole vinaonekana upande wa pili wa glasi, na ukakasi wake ulinikausha ulimi. Aliyenipa anasema ya pili niiweke miaka kumi. Kweli mvinyo mwepesi hivi utafika?
*Msomaji, Nairobi*

Utafika, ukiuweka mahali panapofaa. Usiupime kwa rangi. Ganda la pinot noir ni jembamba, na rangi iliyomo ni kidogo kuliko ya zabibu nyingine kama cabernet sauvignon au syrah. Hata chupa bora kabisa za Bourgogne zinapitisha mwanga. Kinachoubeba mvinyo huu ni uchachu wake, tanini zake (ndizo zilizokukausha ulimi) na ukolezo wa tunda. Mwaka 2019 ulikuwa wa joto na ukame, zabibu zilikuwa ndogo na chache, lakini uchachu ulibaki. Vyote vitatu unavyo.

Kwa miaka, tanini hushikamana na kulainika, na harufu ya cheri na rasiberi hupisha harufu za majani makavu, uyoga, ngozi na udongo uliolowa. Hesabu ya kawaida, kuanzia mwaka wa mavuno, kwa ngazi nne za mvinyo wa huko kutoka ya chini hadi ya juu, ni hii: Bourgogne ya kawaida miaka 3 hadi 6, ya kijiji 5 hadi 10, premier cru 8 hadi 15, na grand cru 12 hadi 25 au zaidi. Kumbuka pia kwamba miaka michache baada ya kujazwa chupani mvinyo mzuri hujifunga: harufu inapotea, ukakasi unatangulia mbele, na mnywaji anadhani amepunjwa. Inaelekea chupa yako ya kwanza uliifungua wakati huo. Ya pili usiiguse kabla ya 2029.

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi Brussels. Wauzaji wa hapa wanasifu sana mvinyo wa mkulima anayefanya kazi peke yake, na bei inapanda kwa sifa hiyo. Anafanya nini ambacho kampuni kubwa haifanyi? Au ni maneno ya biashara tu?

Upweke peke yake si sifa. Yuko mkulima wa peke yake aliye mvivu, na ziko nyumba kubwa zenye uangalifu wa hali ya juu. Faida ya mtu mmoja ni kwamba anayeonja zabibu asubuhi ndiye anayeamua siku ya kuvuna, na ndiye atakayeamua kama vikonyo vibaki au vitolewe. Hakuna taarifa inayopotea njiani.

Tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Bourgogne hupanda karibu mizabibu 10,000 kwa hekta. Mtu anayeshughulikia hekta 3 ana mizabibu 30,000 ya kupogoa kwa mkasi, mmoja mmoja, kati ya Desemba na Machi. Akivuna hektolita 40 kwa hekta anapata lita 12,000, yaani mapipa kama 52 ya lita 228, au chupa 16,000. Zaidi ya hapo inabidi aajiri, au aanze kukosa mambo. Anayesema yuko peke yake na anauza chupa 60,000, muulize zabibu anazinunua wapi.

Kwa njia ya kimila, vichala hukatwa kwa mkono na kuwekwa kwenye kreti zisizo na kina, ili vya juu visivikandamize vya chini. Vilivyooza huondolewa, na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa kichala cha pinot noir kimebanana na ukungu ukiingia katikati huenea bila kuonekana. Wengine hutoa vikonyo vyote, wengine huacha theluthi au nusu ya vichala vizima. Kikonyo kilichoiva hadi kikaanza kuwa cha kahawia huleta ubichi mzuri wa maua na tanini imara. Kikiwa bado kibichi huleta uchungu wa majani, na uchungu huo hauondoki hata baada ya miaka 20.

Zabibu huingia kwenye tangi la mbao lililo wazi juu, zikatulia siku 4 au 5, kisha hamira ya asili ikaanza kazi. Joto hupanda hadi nyuzi 30 au 32. Maganda huelea na kufanya kofia juu, nayo lazima isukumwe chini kwa mti au kwa miguu, mara 1 au 2 kwa siku. Akisukuma mno anakamua tanini kali kutoka kwenye mbegu. Asiposukuma, kofia inakauka na siki inaanzia hapo. Baada ya siku 15 hadi 20 mvinyo unakamuliwa na kushushwa kwenye mapipa ya mwaloni. Humo, aghalabu majira ya kuchipua, bakteria hugeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, na ule ukali wa tufaha bichi unaondoka. Unakaa miezi 12 hadi 18.

Kazi ya pipani ndiyo inayotenganisha mafundi. Mvinyo huvukiza kupitia mbao, kwa hiyo kila wiki moja au mbili pipa lazima lijazwe hadi mdomoni. Mtu mmoja aliyeshikwa na dawa ya ukungu shambani mwezi Juni akisahau kujaza, hewa inaingia na mvinyo unanuka siki. Ndiyo maana tunasema pesa yako ilipie pipa lililojazwa. Pipa jipya si kitu cha kutafuta. Kwa mvinyo wa ngazi ya kijiji, asilimia 20 hadi 30 ya mapipa mapya inatosha, na zaidi ya hapo unanunua ladha ya mbao.

Udhaifu wa mtu mmoja ni usiku wa jalidi. Aprili 2016 na tena Aprili 2021 baridi iliunguza machipukizi sehemu nyingi za Bourgogne, na mwenye watu wawili wa kuwasha moto kati ya mistari hawezi kulinda viwanja vitano vilivyo mbali mbali. Akiwa na chupa chache mwaka fulani, au bei ikipanda ghafla, sababu mara nyingi ni hiyo.

Lebo za Bourgogne zinanichanganya. Nitazame nini?
*Msomaji, Kigali*

Tafuta maneno "Mis en bouteille au domaine". Yanamaanisha aliyelima ndiye aliyejaza chupa. Kisha jina la mtu au familia. Kisha ngazi: Bourgogne, jina la kijiji, kijiji pamoja na "premier cru", na juu kabisa grand cru, ambayo huandika jina la shamba bila kijiji. "Vieilles vignes", mizabibu mizee, hayana kipimo cha kisheria. Yaamini pale tu unapomwamini mwandishi wake.

Jina la shamba pekee halitoshi. Clos de Vougeot ni grand cru ya kama hekta 50 yenye wamiliki wapatao 80, kwa sababu ardhi iligawanywa ilipouzwa mwaka 1889 na kuendelea kugawanywa kwa urithi. Ukuta mmoja, mikono themanini. Sisi tungechukua mvinyo wa kijiji wa mtu makini kabla ya grand cru ya mtu asiyejali, kila mara.

Naishi Dar es Salaam na sina chumba chini ya ardhi. Nina chupa sita. Niziweke kabati la jikoni, friji, au niachane na wazo la kungoja?

Kabati la jikoni hapana. Kwa nyuzi 28 au 30 mvinyo huvimba, kizibo kinasukumwa, hewa inaingia, na katika miezi michache tunda linageuka kuwa kama jamu iliyopikwa. Kinachotakiwa ni nyuzi 12 hadi 14, giza, unyevu wa asilimia 70 hivi, na chupa zilale ili kizibo kisikauke. Joto lisilobadilika ni muhimu kuliko namba kamili: nyuzi 16 mwaka mzima ni bora kuliko 11 usiku na 22 mchana.

Nunua friji ya mvinyo yenye kompresa. Hapa wengi hupoteza pesa: zile ndogo za bei nafuu, zisizo na kompresa, hushusha joto nyuzi kama 15 tu chini ya joto la chumba, na zinashindwa kabisa siku ya nyuzi 33. Weka nyuzi 13, funga stebilaiza ya umeme, isogeze mbali na jua, na usiifungue umeme ukikatika. Ikiwa imejaa chupa, hata za maji, itashikilia ubaridi kwa muda mrefu zaidi.

Friji ya chakula ni ya nyuzi 4 na hewa yake ni kavu. Inaweza kusaidia kwa miezi michache, kwa miaka hapana. Kama friji maalumu haiwezekani, kunywa chupa zako ndani ya mwaka na ununue Bourgogne changa isiyohitaji kungoja.

Baba mkwe ananikaribisha kufungua Gevrey-Chambertin (kijiji kingine cha Bourgogne) ya 1999 aliyoitunza Lyon. Nisije nikaharibu mbele ya mzee. Nifanyeje?
*Msomaji, Lyon*

Mwombe mzee aisimamishe chupa siku mbili kabla, mashapo yashuke. Pima nafasi kati ya kizibo na mvinyo: sentimita 2 au 3 kwa umri huo ni vizuri, 5 na zaidi ina hatari. Kizibo cha zamani kinakatika, basi tumia kizibuo cha meno mawili bapa kinachoingia pembeni mwa kizibo. Sukuma meno kwa zamu, kulia na kushoto, kisha zungusha huku ukivuta. Cha skurubu kikitumika, kiingie moja kwa moja katikati hadi karibu na mwisho wa kizibo.

Usiumimine kwenye jagi pana. Mvinyo wa miaka 25 na zaidi unaweza kutoa harufu yake yote kwa nusu saa ya hewa na kuzimika. Fungua, onja kijiko kimoja, ngoja dakika 15, kisha mimina polepole kwa mkono mmoja bila kuirudisha chupa wima kati ya glasi, taa ikiwa nyuma ya shingo. Mashapo yakifika shingoni, acha. Glasi iwe yenye tumbo pana, na usizidishe mililita 100. Joto liwe nyuzi 15 au 16. Chakula kisiwe na pilipili: kuku wa kuokwa na uyoga, au bata, vinatosha kabisa.

Chupa yangu ilinuka kiberiti kilichowashwa na yai. Duka likakataa kunirudishia. Nilikuwa na haki?
*Msomaji, Mombasa*

Pengine hapana, samahani. Harufu hiyo inatokana na mvinyo uliokosa hewa pipani na chupani. Uzungushe kwa nguvu kwenye glasi, au uhamishie jagi kwa saa moja, na mara nyingi inaondoka. Haki unayo harufu ikiwa ya katoni lililolowa na kuota ukungu: hiyo ni kizibo kibovu, na hewa huizidisha. Harufu ya siki na ya rangi ya kucha ni hewa iliyoingia pipani. Zizi la farasi na plasta ya kidonda ni hamira mbaya iitwayo bretanomaisi, inayopenda mapipa makuukuu na salfa kidogo. Wengine wanaipenda ikiwa hafifu. Sisi tunaiona kasoro, kwa sababu inafanya mashamba yote yanuke sawa.

Kwa nini Dodoma isipande pinot noir?
*Mkulima, Hombolo*

Dodoma haina majira ya baridi. Mzabibu haulali, ndiyo maana mnapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Pinot noir huiva mapema: kwenye joto lenu sukari ingepanda haraka, uchachu ungeanguka kabla harufu haijaja, na ganda jembamba lingeungua. Hata Bourgogne yenyewe ilichagua kwa makini: mwaka 1395 mtawala wake, Philippe le Hardi, aliamuru gamay, aina nyingine ya zabibu, ing'olewe. Makutupora nyekundu na chenin blanc vimekwisha kuonyesha vinaivumilia ardhi yenu.

Nataka kumtembelea mkulima mmoja wa Côte de Nuits, huko Bourgogne. Adabu ni zipi?
*Msomaji, Geneva*

Mwandikie wiki kadhaa kabla, kwa Kifaransa, mistari mitano. Usiombe nafasi Septemba, ni mavuno. Fika kwa saa uliyopewa, bila marashi. Atachota mvinyo pipani kwa bomba la kioo: onja na uteme, na ukibakiza usimwage sakafuni kabla hujamwona yeye anafanyaje, maana wengine hurudisha baki pipani. Usiombe aonjeshe grand cru.

Muulize kuhusu vikonyo, kuhusu pipa, na mwaka gani angeufungua leo. Akikubali kukuuzia, nunua chupa sita za kijiji cha aina moja badala ya aina sita: fungua ya kwanza mwaka wa 4, ya pili wa 6, na ukiikuta imejifunga, ngoja miaka miwili kabla ya ya tatu. Andika tarehe kwenye shingo ya kila chupa.