Jibu: Sehemu niliyoongeza kwenye fomu ya Django inaonekana ila haisevu

Mambo mkuu. Kama nimekupata, fomu yako ya buking za boti hapo Bagamoyo inajitengeneza kutoka kwenye modeli (maelezo ya jedwali la databesi) kwa ModelForm ya Django, ile zana ya Python ya kutengeneza tovuti, wewe ukaongeza sehemu ya hoteli aliyofikia mgeni, inatokea freshi, mtu anajaza, ukienda kwenye databesi hamna kitu na erori haileti.

Cheki kwanza models.py, faili la modeli zako, hiyo sehemu ipo? ModelForm inasevu zile tu ambazo modeli inazo, nyingine inazionyesha na kuzikagua basi, data inabaki kwenye cleaned_data, yaani pale fomu inapoweka majibu iliyokwisha kuyakagua. Kama unataka itunzwe iongeze kwenye modeli, piga makemigrations halafu migrate (komandi za kuipeleka hiyo badiliko kwenye databesi), na uitaje kwenye fields, ile orodha ya sehemu iliyo ndani ya Meta, klasi ya mipangilio ya fomu, hapo ndo wengi wanapasahau maana ukishaiandika juu kwenye fomu itaonekana tu hata kama fields haina, ila kusevu haisevu ng'o. Mimi fomu zangu za wageni huku Tanga nafanya hivyo, baadae lazima bosi atataka ripoti.

Kama ni ya kumtumia nahodha meseji tu, modeli usiiguse, ichukue kwenye cleaned_data baada ya is_valid(), ile inayokagua fomu. Na ukitumia save(commit=False), ambayo haiandiki kwenye databesi, usisahau kuisevu rekodi mwenyewe kwa save().