Unauguza mwenye ugonjwa sugu wa mapafu? Mwangalie na fizi

Mama yangu hajawahi kushika sigara. Amepikia kuni tangu usichana, na moshi wa jikoni ukatosha: kadi yake ya kliniki imeandikwa COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Katika yote ninayomfanyia, linaloshangaza wageni ni kumkagua kinywa kila asubuhi.

Fizi zikiugua, kati ya jino na nyama hutokea vifuko vinavyojaa bakteria. Usingizini sote huvuta mate kidogo kwenye njia ya hewa. Mapafu mazima huyatoa, yaliyochakaa hushindwa, na maambukizi ndiyo mara nyingi huamsha kule kubanwa pumzi kunakotukimbiza hospitali usiku. Watafiti wameona magonjwa haya mawili yakiandamana, ila sigara nayo huyaleta yote mawili, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mswaki unaponya mapafu. Mvutaji ana mtego wake: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, fizi zikaharibika bila kuvuja. Atakuapia kwamba fizi zake ni nzima!

Kwetu vita kubwa ni dawa ya kuvuta. Ile yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ikibaki mdomoni huleta fangasi, utando mweupe ulimini unaowasha hata chai isinyweke.

"Mama, sukutua uteme."

"Si nimeshakunywa maji, mwanangu?"

Kunywa si kusukutua. Nikaamua pampu ikae ndani ya kikombe cha plastiki, na kikombe ndani ya beseni dogo. Akitaka dawa lazima ashike vyote. Hapo ubishi ukaisha. Mswaki uwe laini, dawa ya meno iwe na floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Meno ya bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe, yalowekwe kwenye maji safi.

Kwa daktari wa meno, taja mapafu kabla mgonjwa hajaketi. Mama alipolazwa chali alianza kuhema. Daktari akainua kiti, akamkwangua ugaga akiwa ameketi nusu, kwa vituo. Beba pampu ya kufungua kifua, na orodha ya dawa zote. Akiwa anakohoa makohozi yaliyobadilika rangi au anahema kuliko kawaida yake, ahirisha meno, mpeleke kwanza kwa daktari wa kifua.