Maswali na Majibu: Kadi ya Kaka, Deni la Nani?

*Nilisomea Marekani, kaka yangu akaniongeza kwenye kadi yake ya mkopo. Nimerudi nyumbani, yeye hakulipa, sasa wakusanya madeni wananiandama mimi. Nadaiwa? – Wete*

Kama uliongezwa tu uitumie kadi, kwa kawaida hudaiwi. Deni ni la aliyefungua akaunti. Lakini ikiwa mlisaini maombi pamoja mkawa wenye akaunti wawili, mnadaiwa nyote, na benki inaweza kumfuata yeyote kwa deni zima. Basi usilipe hata dola moja kwa kuona haya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inakuruhusu kulipinga deni kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa ya mkusanyaji, naye lazima asite kudai mpaka alithibitishe. Waambie wakuoneshe saini yako. Ila vile ulivyonunua mwenyewe kwa kadi ile, kaeni na kaka yako mvihesabu. Benki haikudai, yeye anakudai.

*Nilimwandikishia mdogo wangu kadi ya pili kwa mahitaji ya skuli tu. Kanunua simu. Naweza kukataa kulipa? – Fuoni*

Huwezi. Piga simu benki leo waifunge kadi yake. Alichokwishatumia ni chako.

*Kuna ubaya gani nikimpa mke wangu kadi na namba ya siri? – Mwanakwerekwe*

Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara nashangaa watu wazima kuliuliza. Pesa zikipotea, benki itataka kujua nani mwengine alikuwa na namba ile, na jibu lako ndilo litakalokukosesha haki. Mwombee kadi yenye jina lake, au fungueni akaunti ya pamoja. Na acheni kuandika namba nyuma ya kadi, tafadhalini.

*Mwenzangu kazini kaniomba nimdhamini mkopo. Anasema ni saini tu, mimi sitadaiwa. – Chake Chake*

Si kweli, na anayekwambia hivyo ama hajui ama anakuficha. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kuliko hizo kadi za ughaibuni. Mdhamini anadaiwa bila kushika hata shilingi moja ya mkopo. Mwenzako akishindwa kulipa au akiacha kazi, benki itakuja kwako. Omba mkataba uende nao nyumbani, usome kiasi, muda, na kama mshahara wako unaweza kukatwa, kisha ubaki na nakala. Ikiwa huwezi kulilipa deni lile peke yako, usisaini. Wengi husaini kwa kuogopa kuitwa wachoyo, kisha watoto wao ndio wanaokosa ada.

*Baba amefariki akiwa na deni la kadi Uingereza. Mimi ninayo kadi ya ziada ya akaunti hiyohiyo. Warithi tunalipa? – Mkoani*

Kwanza iweke hiyo kadi, usiiguse hata kwa gharama za maziko. Akaunti ilikuwa ya baba. Kuendelea kuitumia kunaweza kukuingiza kesini. Deni hulipwa kwa mali aliyoiacha. Isipotosha, watoto hamdaiwi mifukoni mwenu kwa sababu tu ni watoto wake. Lakini msigawane kitu mapema. Sheria ya Uingereza na sheria ya Kiislamu tunayogawia mirathi hapa zinakubaliana kwamba madeni hutangulia. Inaniudhi kuona mikarafuu inagawanywa arubaini haijafika, na wadai hawajaulizwa. Iarifuni benki kwa barua kuwa mwenye akaunti amefariki, kisha pelekeni hesabu ya deni na orodha ya mali Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, inayosimamia mirathi hapa Zanzibar.